Ambaye Ninamfahamu Binafsi

Katika daftari la wageni la ofisi ya wakili Violeth Ngonyani, mjini Songea, mteja yule ameandikwa kuwa alifika Jumatano saa nne asubuhi. Mteja mwenyewe alifika saa nane mchana.

Violeth hakuwa mtu wa kuliacha jambo kama hilo lipite. Alimwita karani wake Gaspari, Mmatengo wa makamo aliyepokea wageni wa ofisi ile kwa miaka tisa bila kukosea hata tarehe.

"Gaspari, huyu dada anasema ndiyo kwanza anaingia."

Gaspari akamtazama mgeni kuanzia ushungi wake wa kahawia mpaka kandambili. "Simsemi huyu, wakili. Aliyekuja saa nne ni Biasha. Biasha mwenyewe wa kwenye simu! Kakaa hapo kwenye benchi kama dakika kumi, anatabasamu tu. Nikamwambia wakili yuko mahakamani, akaandika jina, akaondoka. Nimempigia mke wangu kumwambia, kaniuliza nimekunywa nini asubuhi yote hii."

"Na huyu je?"

"Huyu simjui."

Msichana aliinamisha kichwa. "Shikamoo, baba," alimwambia Gaspari, kana kwamba hakuyasikia hayo. Kisha akamgeukia Violeth, akashusha sauti. "Dada wakili, anayeonekana kwenye zile video ni mimi. Au nilikuwa mimi."

Alikuwa anaitwa Mwanaheri Daimu, umri miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Tunduru, mpangaji wa chumba kimoja huko Matogoro. Violeth aliyaandika hayo bila kuinua macho, kama alivyozoea kuandika maelezo ya kila mteja. Aliinua macho mara moja tu, alipouona mkono wa msichana juu ya meza. Ulikuwa na kovu la moto lililoanzia kifundo hadi karibu na kiwiko.

"Mafuta ya maandazi," alisema Mwanaheri. "Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kwenye video halionekani. Mpiga picha wangu, William, alikuwa analifuta."

Nani hapa Songea asiyemjua Biasha? Hata Violeth, asiyekuwa na muda wa upuuzi, alikuwa akimtazama kwenye simu anaposubiri kesi iitwe: binti mweupe wa shavu, ngozi laini, akiimba visa vya wapangaji na mama wenye nyumba, na mwishoni akipiga makofi matatu na kucheka kicheko kile ambacho watoto wa Mshangano wote walikuwa wanakiiga. Hakuwahi kusema "mimi". Alisema, "Biasha amefika. Biasha hapendi kelele. Biasha anawapenda." Watu waliona ni maringo, wakampendea hayohayo.

Shida yenyewe, Mwanaheri aliieleza kwa mpangilio ambao wakili angeutamani kwa mashahidi wake wote. Mwezi uliopita alichoka. Aliiuza simu, akaachana na William aliyekuwa akimpiga picha, akarudi kukaanga maandazi. Video hazikukoma. Zilitoka mpya kila siku, zimepigwa ndani ya chumba chake mwenyewe, nguo zake zikiwa zimetundikwa kwenye msumari, hata siku alizokuwa Lusewa kwa shangazi yake na mlango ukiwa na kufuli.

"Hilo ningelivumilia," alisema. "Lakini sasa anampigia mama."

"Nani anampigia mama?"

"Yeye. Anampigia mchana, wakati mimi niko kwenye karai. Mama yangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anajua watu kwa sauti na kwa kuwashika. Juzi nampigia, ananiuliza, mbona umeniambia jana kwamba Ijumaa unakuja, na leo unajifanya hujui? Dada wakili, Ijumaa ni keshokutwa. Atakayefika mlangoni akaitika kwa sauti yangu, mama atampokea. Atampa kitanda changu."

Violeth aliiweka kalamu chini. Hakuamini majini. Katika miaka kumi na miwili ya kazi alikuwa amesikia majini wakitajwa kwenye mashauri ya ndoa, ya mirathi na ya ng'ombe, na kila alipochimba alikuta mtu mwenye masilahi yake. Aliyapima maelezo yale kama alivyopima mengine. Ama William alikuwa na neno la siri la akaunti na anatumia akili bandia kutengeneza sura. Hilo mtoto wa sekondari angeliweza. Ama kulikuwa na msichana mwingine anayefanana naye. Ama mteja mwenyewe ndiye anayefanya yote hayo kisha anasahau, na hapo anayetakiwa ni daktari. Kwa vyovyote, dawa ya kwanza ilikuwa moja: kiapo kitakachotumwa kwa kampuni yenye mtandao ule, ili akaunti ifungwe kabla ya Ijumaa.

Alimpigia William hapohapo. William aliipokea simu akiwa Njombe, na alipolisikia jina la Biasha akashusha sauti.

"Mimi sina neno la siri, wakili," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekaa na watu asiotaka wasikie. "Lilibadilishwa. Mimi nilikuwa nasafisha tu. Nafuta kovu, nafuta uchovu usoni, nafuta lafudhi ya kwao. Siku moja nafungua kompyuta nakuta video imeshasafishwa, tena vizuri kuliko mimi, ya mahali ambapo sikuwahi kumpiga picha. Wakili, usiniite shahidi. Nitakana."

Violeth aliandika: *Anaogopa. Huenda anahusika.*

Kiapo kilichapwa kabla ya saa kumi. Mwanaheri alikisoma polepole, kidole kikifuata mistari, na alipofika mstari wa tatu kidole kikasimama.

"Hapa pameandikwa mimi ndiye Biasha."

"Ndiyo. 'Mwanaheri Daimu, ambaye pia ndiye Biasha.' Bila hivyo utadai vipi jina lisitumiwe?"

"Siwezi kulitamka hilo, dada. Liandikeni ninyi. Mimi nisiliseme."

Violeth akamhoji kama anavyohoji shahidi anayeyumba, kwa upole na bila kumpa nafasi ya kupumua. Ndipo jambo lenyewe likajitokeza. Biasha lilikuwa jina lake la utotoni. Alipotolewa unyagoni alipewa jina jipya, kama walivyofanyiwa mama yake na bibi yake. Jina la zamani lilivuliwa pamoja na nguo za kitoto, likaachwa ndani ya kibanda cha nyasi, na nyakanga, yule mama aliyewafunda, akakitia moto. Wasichana waliondoka wamepakwa mafuta ya nyonyo, wakaambiwa wasigeuke.

"Na ukiitwa kwa jina hilo?"

"Akikuita asiyejua, unanyamaza. Si kosa lake. Binamu yangu aliniita hivyo kwenye video ya kwanza, kwa utani, William akalipenda. Mimi nikaona, madhali silitamki kuwa ni langu, halina neno. Ndiyo maana nilikuwa nasema 'Biasha amefika'. Sijawahi kusema ni mimi. Nyakanga alituambia, ulichokiacha mle hakina mwenyewe. Usikipe mwenyewe."

"Mwanaheri," alisema Violeth, "kampuni hii iko ng'ambo. Haijui unyago. Inajua hati. Unataka mama yako awe salama Ijumaa au hutaki?"

Hilo ndilo lililomshinda. Mwanaheri alichukua msahafu kwa mkono wa kulia, akaapa. Alisema mimi, Mwanaheri Daimu, Mwislamu, mkazi wa Matogoro, ambaye pia ndiye Biasha.

Kwenye chumba cha mbele, alikokuwa Gaspari peke yake, yakasikika makofi matatu.

"Gaspari?"

"Naam, wakili? Nilidhani ni ninyi huko."

Ilibaki sehemu ya mwisho, anayojaza wakili kama kamishna wa viapo. Sheria inampa njia mbili: ama aandike kwamba yeye binafsi anamfahamu mwapaji, yaani aliyeapa, ama aandike kwamba mwapaji ametambulishwa kwake na mtu anayemfahamu. Mwanaheri alisema shangazi yake angeweza kutoka Lusewa kesho asubuhi akaja kumtambulisha.

"Hakuna haja," alisema Violeth. Alikuwa akitazama saa. Mawakili wengi huandika sentensi ile bila kufikiri, na yeye aliiandika hivyohivyo. Isitoshe, sura ile hakuwa ameiona mara mia kwenye simu? *Ambaye ninamfahamu binafsi.* Akatia saini, akachukua alama ya dole gumba la Mwanaheri, akagonga muhuri.

Muhuri ulipogusa karatasi, harufu ambayo tangu mchana ilikuwa kwenye benchi la mbele, na ambayo Violeth alikuwa ameihesabu kuwa moshi wa mashamba yanayochomwa chini ya milima ya Matogoro, ikaingia ndani: nyasi zilizoungua, na mafuta ya nyonyo.

Alhamisi saa mbili asubuhi jibu lilikuwa limefika kwenye kompyuta. Kampuni ilishukuru kwa kiapo. Ilisema imeridhika kwamba Biasha ni mtu halisi, aliyethibitishwa na wakili anayemfahamu binafsi, na kwamba kuanzia siku hiyo akaunti yake imepewa alama ya uhalisi.

Violeth aliisoma barua ile mara tatu. Kisha akafungua video ya asubuhi. Biasha alikuwa amekaa juu ya kitanda cha Matogoro, na aliponyanyua mkono kusalimu, kovu lilikuwa pale, kifundo hadi kiwiko, limeng'aa kama kitu kilichonunuliwa. "Mimi ni Biasha," alisema, kwa mara ya kwanza tangu watu waanze kumtazama. "Kesho naenda kwa mama."

Mlangoni Gaspari alikuwa anabishana na mtu. "Nimekwambia wakili hana nafasi. Jina hutaki kulisema, shida hutaki kuisema, nikuandike nani?"

"Mwache aingie!" alisema Violeth.

Mwanaheri aliingia, akavua kandambili zake mlangoni, akazipanga pembeni ukutani ili asizikanyage mtu. Ushungi ulikuwa uleule. Mkono aliouweka mezani ulikuwa laini, hauna alama yoyote. Alisema tangu alfajiri wanunuzi wake wa maandazi wanampita kama jiko lisilo na mtu. Kwamba mwenye nyumba amemuuliza anatafuta nani. Kwamba kwenye kitambulisho chake picha imefifia ikabaki ushungi mtupu. Violeth aliomba akione. Ilikuwa kweli. Aliinua kitambulisho kwenye mwanga wa dirisha, akakikwaruza kwa ukucha, akatafuta sababu ya kikemia, akaikosa.

Alichapa kiapo kingine cha kufuta cha kwanza. Mwanaheri alibonyeza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Lililobaki lilikuwa doa jeusi lisilo na mstari hata mmoja. Walijaribu mara saba.

"Mpigie nyakanga," alisema Violeth, na hakuitambua sauti yake mwenyewe.

Nyakanga alipatikana Tunduru kwa simu ya jirani. Alikuwa bibi wa sauti kavu, na alimsikiliza Mwanaheri mpaka mwisho bila kukatiza, kisha Violeth akaichukua simu.

"Shikamoo, bibi. Mimi ndiye wakili."

"Marahaba. Mlimtamkisha?"

"Ndiyo."

"Mbele ya msahafu?"

"Ndiyo, bibi."

"Mimi natoa kitu kilichoingia kwa mtu," alisema bibi kwa sauti ya chini sana. "Nakipigia ngoma, kinasema kinachotaka, kinatoka. Hiki chenu hakikuingia kwa mtu. Mmekipa mlango wake chenyewe. Nikitoe wapi? Nani aliyesema anamfahamu?"

Violeth akausogeza muhuri kando. "Mimi."

"Basi ni wewe. Watakapokuwa wote wawili mbele yako, sema yupi unayemfahamu. Lakini useme kitu chake ambacho hakimo kwenye zile picha. Kilichomo kwenye picha ni cha yule mwingine. Umenisikia, mwanangu? Una kitu hicho?"

Violeth akatazama ng'ambo ya meza. Kovu lilikuwa kwenye picha. Mama, Tunduru, chumba, maandazi, sauti, vyote vilikuwa kwenye picha. Jumatano alikuwa amekaa na binti huyu muda wa saa mbili, na saa zote mbili macho yake yalikuwa kwenye karatasi.

"Nitatafuta, bibi," alisema.

"Usimwache alale peke yake," alisema nyakanga. "Na usiache kumwita jina."

Alimpeleka kwake Mshangano. Walikaa sebuleni, Violeth akimwita Mwanaheri, Mwanaheri akiitika, na kila baada ya muda alimuuliza mambo ya utotoni, ya shuleni, ya chakula anachokipenda, akiyaandika yote. Lakini asubuhi ya Ijumaa alipoyasoma, mistari yote ilimhusu binti anayeimba na kupiga makofi matatu, na mwandiko ulikuwa wa Violeth mwenyewe.

Saa saba mchana, wawili hao wakiwa wamerudi ofisini, waumini wakiwa msikitini na nusu ya maduka yakiwa yamefungwa, mtaa ulitulia hata ungeweza kusikia cherehani ya fundi wa jirani, na ndani ya utulivu ule Gaspari akasikika anacheka kwa furaha na kuvuta kiti, akisema karibu, karibu sana, leo wakili yupo, na harufu ya nyasi zilizoungua ikatangulia kuingia, ikafuatwa na mafuta ya nyonyo, na nyuma yake akaingia Biasha, mweupe wa shavu, hakuna jasho, hakuna vumbi la barabara miguuni, akiwa na begi la safari.

"Shikamoo, dada wakili," alisema. Ilikuwa sauti ileile ya Jumatano. "Nina basi la Tunduru. Nataka nakala ya kiapo changu, iliyogongwa muhuri, nimwonyeshe mama. Macho yake mabovu, lakini atakishika."

Kwenye benchi la ukutani alikuwa amekaa yule msichana aliyelala Mshangano. Alikuwa amekunja mikono yake isiyo na alama, na alikuwa anamtazama Violeth, si yule mwingine.

"Huyu siye," alisema Violeth, akasimama. Alimnyooshea Biasha kidole. "Wewe siye ninayemfahamu. Ninayemfahamu ni..."

Alijua kwamba jina lilikuwa mdomoni sasa hivi. Alikuwa amelitamka usiku kucha. Alilitafuta kama mtu anayepapasa mfukoni akiwa ameshafika mlangoni, kwanza kwa haraka, kisha taratibu, kisha akaligeuza kila alilokuwa nalo kichwani, vifungu vya sheria, majina ya majaji, jina la mtoto wa jirani, jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza kule Peramiho, na yote yalikuwepo mahali pake, na palipokuwa na jina lile palikuwa pamefagiliwa na kumwagiwa maji.

"Sema kitu chake," alinong'ona msichana wa kwenye benchi. "Dada. Chochote."

Violeth alijua kipo. Kulikuwa na kitu kidogo alichokifanya msichana huyu mlangoni, jana, kitu cha adabu, cha mikono au cha miguu, na Violeth alikuwa amekiona kwa pembe ya jicho wakati akitazama video. Hakuwa amekitazama.

"Ulisema unanifahamu," alisema Biasha, bila hasira. "Umeandika. Saini hii ni ya nani, wakili? Muhuri huu?"

Wakili aliyeulizwa kuhusu saini yake mwenyewe ana jibu moja tu la kweli. Mkono wa Violeth ulivuta droo, ukatoa muhuri, ukagonga nakala. Aliutazama ukifanya hivyo. Biasha akaikunja karatasi, akaitia kwenye begi, akaaga kwa heshima, na Gaspari akambebea begi mpaka chini.

Msichana wa kwenye benchi naye alisimama.

"Dada wakili," alisema, "unanifahamu?"

Violeth alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza akamtazama kweli, muda mrefu. "Samahani," alisema. "Ulikuwa na shida gani?"

Alhamisi iliyofuata, saa nne asubuhi, simu ya ofisi ililia. Alikuwa mama wa makamo, anapiga kutoka Tunduru; namba alikuwa amesomewa na jirani kutoka kwenye muhuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wakili?" Alikuwa anaongea kwa kunong'ona, na mbali nyuma yake kulikuwa na mtu anayeimba. "Nina swali dogo. Mwanangu amefika salama, alhamdulillahi. Anapika, anafagia, anaimba kutwa. Nimemshika mkono, kovu lipo. Sina neno naye. Ila kuna mtu anakaa barazani kwangu tangu siku ileile. Halii, haombi kitu. Kila asubuhi nikitoka nakuta kandambili zimepangwa vizuri ukutani, nisije nikajikwaa. Mwanangu hakuwahi kufanya hivyo tangu arudi. Alikuwa akifanya zamani."

Violeth alishika kingo za meza.

"Nikimuuliza wewe nani, hajibu," aliendelea mama. "Nadhani hana la kujibu. Mwanangu anasema barazani hapana mtu, macho yangu yananidanganya, na macho yangu haya hayajaniambia kitu miaka minne. Huko kwako alipita? Anaitwa nani? Ningelijua jina lake tu ningemwita aingie ndani."

Wimbo kule nyuma ulikuwa umekoma.

Violeth alifungua faili. Kiapo kilikuwa pale, safi, na penye jina la mwapaji palikuwa na jina moja. Akafungua daftari lake la maelezo, ukurasa wa Jumatano ya wiki iliyopita: *Mwanamke. Miaka 24.* Mistari iliyofuata ilikuwa mitupu, ingawa kalamu ilikuwa imeacha mikwaruzo. Alipitisha kidole juu ya mikwaruzo ile, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama anavyoshika watu mama yule.

"Mwanangu? Bado upo?"

Kwenye simu, karibu kabisa na kinywa cha mama, makofi matatu yakapigwa polepole.

"Simfahamu, mama," alisema Violeth, na safari hii alikuwa anasema kweli.